Kesho Usiningoje

Mwanangu,

Nimekuacha umelala, macho yamevimba kwa kulia. Nakwenda kwa dada yangu mgonjwa, nitalala huko. Chakula kiko jikoni, kula, usisubiri kuambiwa.

Leo umeniudhi, sifichi. Natoka ibadani jua limeshapanda, nakukuta kwenye kiti, umevaa, mkoba mapajani.

“Mbona hujaenda kazini?”

“Nilikuwa nakungoja uniruhusu, mama.”

Ee Mungu wangu! Kule kwenye kituo cha watoto cha serikali walikulea kwa kengele: amka, kula, toka. Ulipofika utu uzima wakakufungulia geti, kwaheri! Ndipo nikakuchukua uwe mwanangu. Wa kugombezwa ni wao, ila nikakufokea wewe uliyekuwa karibu.

Fundi cherehani aliyekupa kazi amesema ukichelewa tena kesho, nafasi anampa mwingine.

~~Nitakupigia simu alfajiri nikuamshe.~~ Hapana, sipigi. Tega saa mwenyewe. Ukiwa tayari, toka, funga mlango. Ufunguo huu hapa juu ya karatasi, ni wako, usimwachie jirani.

Na jioni ukirudi, tafadhali, usinisimamie nje unabisha hodi kama mgeni. Fungua uingie. Ni kwenu.

Mama