Maharage Uani kwa Mjane

Mjukuu wangu Tumaini,

Ndaga fijo, asante sana kwa barua yako. Sisi tupo, ila magoti yamenichosha. Shangazi yako amejifungua salama.

Unauliza kama uhame mtaa huo wenye wezi. Enzi za Mjerumani, nikiwa binti hapa Busale, jirani yetu mjane aliibiwa ng'ombe mchana, watu wakiwa mazikoni. Tukaogopana, kila mtu akajifungia kwake. Mama akabeba maharage akamenyee uani kwa mjane.

“Utamkamata mwizi kwa maharage?” baba akauliza.

“Nakwenda kukaa naye tu.”

Taratibu wanawake wengine wakamfuata. Wizi haukwisha, lakini mjane aliacha kulala na panga.

Kuhama utaamua mwenyewe. Ila barua nzima hukunitajia jirani hata mmoja.

Bibi yako