Ukili Wangu Uliopinda

Buguruni, Jumatano, Aprili 1952.

Mvua tangu alfajiri. Kuni zimelowa, nguo hazikauki, mwili umechoka hata kabla ya kazi. Sikutaka kwenda kwa Bi Mwanaidi leo.

Tangu mumewe azikwe yumo eda, na tangu siku ile hasemi. Salamu anaitikia kwa kichwa, chakula anakigusa tu. Mwenye nyumba wangu, Bi Zena, ndiye aliyeamua wanawake wa mtaa tukasuke ukili chumbani kwa mjane kila alasiri, kisha tuushone uwe mkeka mmoja mkubwa, wa kutandika siku atakayotoka eda. Anasema maneno yatarudi yenyewe akisikia soga. Mimi kila siku naogopa tutamkuta amezimika.

Tena mimi mtu wa bara. Kwetu milimani sikuwahi kushika ukindu. Wenzangu wanavicheka vidole vyangu, nami nacheka nao, ila nimechoka kuchekwa.

Leo mvua iliwazuia wengi. Bi Zena alisinzia ukutani, nikabaki nasuka kimya mbele ya mjane. Ukili ukaanza kwenda upande. Nikauacha uende.

Mara ukanyakuliwa mikononi mwangu.

"Hebu lete! Unasuka nini wewe, kamba ya mbuzi?"

Bi Mwanaidi! Sauti imemkauka, lakini ni yake. Bi Zena akafumbua macho, akayafumba tena upesi.

Akafumua kazi yangu yote ya tangu wiki iliyopita. Yote! Nilitaka kulia kwa furaha, na kwa hasira pia, nisidanganye. Akanianzishia upya, akinishika vidole kimoja kimoja. Kisha, bila kuinua uso:

"Mumeo bado yuko Tabora?"

"Bado. Anangoja nyumba ya kazini."

"Na wewe nani anakaa na wewe?"

Nikasema nimezoea.

"Muongo," akasema, akanirudishia ukili. "Kesho uje mapema, kabla ya wenzio."

Nimerudi nimelowa chapachapa. Vidole vinauma. Nimekaa kitandani nalia, na huu si uchovu peke yake. Miezi yote hii hakuna aliyeniuliza swali lile, na mimi nimejitahidi asiwepo wa kuliuliza.

Sikumuuliza mapema yake ni saa ngapi. Saa nane? Au nikienda saa nne asubuhi atanishangaa?