Minazi ya Jirani

Kadzo mjukuu wangu,

Huku ugenini tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Waniuliza kama uiamini orodha inayoiweka Kilifi nyuma ya kaunti nyingine kiuchumi, au urudi ufungue kiwanda chako cha mafuta ya nazi.

Ujanani mwangu karani wa serikali aliyepima mali ya kila wilaya alikuja kwetu Kilifi, akamkuta mama yangu shambani.

"Mama, una minazi mingapi?"

"Miwili, mwanangu. Na mmoja hauzai."

"Na hii yote?"

"Ya jirani."

Jirani naye akasema ni yetu. Wote wawili walimshuku: anayehesabu mti leo, kesho atataka kodi. Karani akaandika kwamba wilaya ni maskini.

Miaka ikapita, na shamba lililokanwa, kwa kuwa vitabuni halikuwa la mtu, likapata mwenyewe mgeni. Tukahama.

Orodha usiiamini. Rudi. Ila karani akija, mtajie kila mnazi.

Babu yako, ambaye siku hizi hununua nazi sokoni.