Masanduku Mawili

Nørrelund, 10 Oktoba 1926

Mwanangu Dagny,

Salamu nyingi. U hali gani huko Aarhus? Huyo mama unayemfanyia kazi anakulisha vizuri? Mimi sijambo, ila vile vidole vitatu nilivyoviacha kwenye msumeno wa kiwanda huniwasha kila baridi inapoingia, kana kwamba bado ninavyo. Fidia ya vidole hivyo na pensheni ya uzee nikizijumlisha, zinatosha mkate na viazi. Kwa koksi, yale makaa ya jiko, hazifiki. Sine wa jirani ananicheka: "Laust, nenda halmashauri ukaombe, utaganda kama samaki wewe!" Nikamwambia, pale ofisini kuna masanduku mawili ya fedha. La Msaada halina aibu. La Maskini linakulisha leo, kesho linafuta jina lako kwenye daftari la wapiga kura. Heri baridi.

Baba yako

Aarhus, 24 Oktoba

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu yangu ni wewe tu. Niliisomea barua yako jikoni nikalia, mama mwenye nyumba akadhani ni vitunguu. Nimeandikiana na katibu wa halmashauri, na koksi italetwa Jumatatu. Ni ya Sanduku la Msaada. Usiulize mengi baba, washa jiko.

Mwanao Dagny

Nørrelund, 14 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi buheri wa afya. Nimevua koti ndani ya nyumba yangu, mara ya kwanza tangu Septemba. Sine huja kila asubuhi kunijulia hali, kumbe anayemjulia hali ni jiko. Mungu akubariki mwanangu.

Shati jeupe nimeshalipiga pasi kwa ajili ya tarehe mbili Desemba. Nitakwenda na Kresten mpaka ukumbini kama kawaida yetu, tupige kura, halafu tunywe kahawa kwake. Vidole viwili vinatosha kuchora alama.

Baba yako

Aarhus, 26 Novemba

Baba,

Shikamoo. Kifua hakikusumbui? Nasikia barabara za huko zimejaa barafu. Tarehe mbili usitoke. Mwache Kresten aende peke yake, kura moja haipunguzi kitu. Nakuomba sana.

Mwanao Dagny

Nørrelund, 3 Desemba

Dagny,

Nilikwenda. Kresten alipewa karatasi yake. Kwangu, karani alipitisha kidole kwenye daftari, akakipitisha tena, kisha akasema, "Laust Bertelsen, wewe unalishwa na Sanduku la Maskini." Hakunong'ona. Kresten akaanza kuikagua kofia yake. Sine alikuwa nyuma yangu, na hata yeye hakucheka.

Leo nimemwona katibu. Sanduku la Msaada lilikuwa tupu tangu Agosti. Alikuandikia hivyo, nawe ukamjibu: "Basi toeni kwenye lile jingine, mradi baba asigande." Barua amenionyesha. Mwandiko naujua, nilikufundisha mimi, mkono ulipokuwa mzima.

Nimeumia, mwanangu. Ulijua ninachokitaka, ukanichagulia kingine, kisha ukanificha. Miezi mitatu ya baridi ningeivumilia. Pale ukumbini sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Koksi iliyobaki nimeirudisha kwa toroli. Soksi zako za sufu ziko tayari, Sine atakutumia. Zivae, huko nako kuna baridi.

Laust Bertelsen