Sukari Nimeondoka Nayo

Baba Sabra,

Mboga ya mnavu iko kwenye sufuria, usiongeze mafuta. Ugali nimeufunika, ukubwa wa ngumi. Ngumi yangu, siyo yako. Kuku wafungie mapema. Sukari usiitafute.

Wiki iliyopita nesi alituambia wote wawili, nawe ukaitikia kwa kichwa: mimba ina miezi saba, unene umezidi, sukari imepanda, na kondo la nyuma likiharibika mtoto ataumia humo humo tumboni. Akasema leo niende kliniki kupima bila kula wala kunywa chochote chenye sukari. Asubuhi ukanimiminia chai ya vijiko vinne mbele ya ba'mdogo Ramadhani, ukacheka: "Kunywa, watu wasije wakasema nimeshindwa kukulisha." Mzee ananitazama, ningekataaje? Nikanywa. Nesi akanirudisha bila kunipima, benchi zima la wajawazito likinitazama kama mlafi.

~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi nikishajifungua. Niko kwa mama, kule Mgwashi. Yeye ndiye atakayenisindikiza kliniki. Sabra nimemchukua.

Karatasi ya vyakula ya nesi nimeibandika ukutani. Kuanzia leo ni yako. Usikimbilie maandazi pia, nimempitia Mama Clemence nikamwambia umekatazwa sukari. Alikuonea huruma sana, akaapa hatakuuzia hata moja.

Ukikonda, waambie watu mkeo ameshindwa kukulisha.

Mama Sabra