Nani Atanunua Muthokoi Wangu?

Jumapili, 1 Juni 2025

Leo nimewaonjesha akina mama wa kanisa muthokoi wangu mpya, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe — wa pakiti, uliokwisha kupikwa na kukaushwa, unachemsha kidogo tu unakula. Sufuria imelambwa! Kisha Bartholomew, shemeji yangu aliyesomea biashara, akasimama kufanya utafiti wa soko. Nani atanunua? Nyoosha mkono.

Hakuna mkono. Mama mkwe wangu, Ndila, ndiye mwenyekiti wao, na alikuwa amekaa mbele kabisa. Akasema mwanamke wa kununua muthokoi uliopikwa na mtu mwingine arudishwe kwao. Wakapiga makofi, midomo bado inang'aa mafuta. Ati penye wengi hapaharibiki neno!

Jumatatu, 2 Juni

Bartholomew ameleta grafu. Mstari umelala chini kabisa. Mnunuzi anayetarajiwa: mtu mmoja. Mtu huyo ni yeye, na yeye huwa halipi.

"Data haidanganyi, shem," anasema.

Mimi niliacha kazi ya chekechea kwa ajili ya pakiti hizi. Zisipouzika, narudi kufuta watoto kamasi. Naogopa, kusema kweli.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempelekea Bilan pakiti chache, dukani kwake karibu na stendi. Bilan ni Msomali, hana habari na mama mkwe wa mtu. Tuone.

Jumatano, 11 Juni

Zimeisha!! Bilan anacheka mpaka anashika meza. Ni wale wale wa kanisa. Wanaingia mmoja mmoja, wananong'ona: "Nifungie na gazeti. Na usiambie mtu." Mmoja alinunua sabuni asiyoihitaji, ya kufunikia pakiti.

Nikamwambia Bartholomew zimeisha kwa Bilan. Hakuniacha nimalize. Jioni ana grafu mpya — mstari umepanda hadi umetoka nje ya karatasi. Amegundua kwamba Wasomali wanapenda muthokoi! Tufungue tawi kwao Garissa. Pakiti iwe na picha ya ngamia. Bilan akamwambia, "Mimi nakula wali, wallahi." Akajibu kwamba mtu mmoja hawezi kuharibu hesabu.

Jumamosi, 14 Juni

Mwenye kinu kule Kathiani anataka jibu leo: anikobolee magunia mangapi? Akikoboa mengi yakakosa wateja, yataliwa na wadudu, na mimi kwisha. Bartholomew anasema lori zima.

Na kamati ya akina mama iko kwangu. Mama mkwe alinifukuza jikoni. "Toka, Wayua. Leo utaona vile wanawake hupika muthokoi." Akafunga mlango. Kuni hazijashika vizuri, chakula kiko mezani! Kwenye kikapu chake, ndani ya gazeti, nimeona pembe ya pakiti yangu.

Wageni wanasifu. Wengine wanatazama sahani tu — ladha hiyo wanaijua. Sasa mama mkwe anataka nionje mbele yao, niseme kama takataka yangu ya pakiti inaweza kufikia huu wake.

Nikimuumbua, hakuna atakayethubutu kukanyaga kwa Bilan tena. Nikimsifu, nimejitukana mwenyewe nyumbani kwangu. Nimejifanya nakuja chumbani kutafuta vijiko. Nina hasira, na nataka kucheka.

Mwenye kinu amepiga tena. Nimemwambia akoboe lori zima.

"Wayua! Vijiko viko wapi?"

Ninavyo mkononi. Uso ndio sijui niuweke vipi —