Dole Gumba Kwenye Mkataba wa Mahindi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini u mzima na kile kifua chako kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, ila goti la baba limekorofika, naye hataki kuambiwa kwamba anachechemea.

Barua yako niliipata. Uliandika kuwa hukanyagi tena nyumba ya baba, mzee aliyeweka rehani mahindi ya misimu mitatu wakati wa vita, kwa tamaa tu. Baba alinilazimisha nimsomee yote. Nilipomaliza, alichukua jembe akatoka.

Sasa sikiliza. Vita vilipokwisha, Bwana Gunia, yule mfanyabiashara wa nafaka, alikuja na mkataba mkononi kudai mahindi yote yaliyosimama shambani. Nikamwambia akavune kichwani kwake. Akatupeleka mahakamani.

Hakimu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alieleza kuwa mkataba wa kuuza au kuweka rehani mazao haubatiliki kwa sababu tu ulifanywa wakati wa vita. Ni halali iwapo mwenye shamba aliukubali mwenyewe, kwa hiari yake. Wakili wa Gunia akatabasamu mpaka jino la mwisho. Baba akaulizwa kama alama ile ya dole gumba ni yake. Akasema ni yake. Akaulizwa tena, akasema ni yake, huku jasho likimtoka.

Uvumilivu ukanishinda. Nilisimama bila kuitwa. Karani akaniamuru nikae, nikamjibu kwamba nitakaa nikimaliza. Nikaomba wino, nikabandika dole langu kwenye karatasi mbele yao wote. Unalikumbuka kovu la mundu, siku uliyonikata tukigombania bua la muhindi? Lilikuwa palepale kwenye mkataba, limekatiza alama katikati.

Ndiyo, kaka. Ni mimi. Baba alikataa katakata, nami nikamzunguka alipokuwa shambani. Gunia alijua fika kuwa mimi si mwenye shamba, lakini alitaka mahindi. Mimi nilitaka nafasi moja kwenye lori lake lililokuwa likivuka mpaka. Ndiyo ile uliyokaa wewe, ukidhani dereva alikuonea huruma. Baba alipojua, alisema lawama ataibeba yeye, nisije nikafungwa.

Mkataba umebatilishwa. Mahindi ni yetu, na Gunia ametoka pale kanuna kama aliyekanyaga mwiba. Mimi Jumatatu najibu shtaka la kughushi. Sijutii hata chembe. Nikirudishwa siku ile, nitabandika tena, na safari hii vidole vyote kumi.

Kwa hiyo usinitumie pole. Mahindi yamekauka na baba hawezi kuyavuna peke yake. Njoo. Ukifika, pita shambani kwanza umwombe radhi, halafu ndiyo uulize mimi niko wapi.

Wasalimie wote wanaokutunza huko. Baba hajui kama nimekuandikia, lakini kitanda chako amekitandika.

Ni mimi mdogo wako,
Kisirani